Kofia ya Chuma Namba Tisa

Nchi ninayoieleza haimo kwenye ramani yoyote, na wakubwa wake wanapenda ibaki hivyo, kwa kuwa mchora ramani angelazimika kuomba kibali, na dirisha la vibali halijapata kufunguliwa tangu lilipochongwa. Imo ndani ya mlima. Ilianzishwa na watu saba waliofika na mkokoteni mmoja. Wakachimba shimo la kulala, wakachimba shimo la kulia chakula, kisha wakachimba ofisi. Leo ina wakazi mia moja tisini na sita na ofisi sabini. Mambo haya nimeyatoa kwenye daftari zao wenyewe na sikuyatia chumvi, kwa sababu chumvi ya nchi ile iko chini ya wizara nyingine na waziri wake ni mkali.

Adui wa nchi hiyo ni mazimwi. Huja mara mbili kwa mwaka, msimu wa kupanda na msimu wa kuvuna, wakiwa na marungu, na hawajawahi kuchelewa. Ndio wageni pekee wanaofika kwa ratiba. Wakionekana bondeni, ngoma hupigwa juu ya lango, na askari kumi wa Kikosi cha Lango hukimbilia ghalani kuvaa sare. Kutoka mlio wa ngoma hadi rungu la kwanza ni muda wa kusonga ugali wa watu wanne.

Sare kamili ni kofia ya chuma, deraya ya kukinga kifua, suruali, glavu mbili, buti mbili na ngao. Vyote vipo. Wahunzi wa mlima ule ni hodari, ghala lao limejaa, na kila kifaa kimepakwa mafuta na kupigwa namba. Naomba msomaji alishike hilo: hapakuwa na upungufu wa kitu chochote.

Msimu wa kupanda uliopita, ngoma ilipolia, askari kumi walitoka hivi. Mmoja alikuwa na glavu nne na hana suruali. Watatu walivaa deraya juu ya kanzu, wakarudishwa kuvua kanzu. Walipovua kanzu wakaambiwa wako uchi kwa mujibu wa Kanuni ya 6, wakarudishwa kuvaa kanzu. Watano walikuwa na kila kitu isipokuwa kofia za chuma. Wa kumi alikuwa Faki.

Faki alikuwa mchimba madini aliyeandikishwa jeshini. Kwa kanuni, sare ya mchimbaji ni sululu mkononi, sare ya askari ni hiyo niliyoitaja, na ni marufuku mtu mmoja kuwa ndani ya sare mbili. Aliyemwandikisha jeshini hakumfuta kwenye orodha ya machimbo. Kwa hiyo kila alipovaa sare, Faki alihesabiwa mchimbaji aliyetelekeza sululu, na kila aliposhika sululu alihesabiwa askari aliyetelekeza sare. Siku hiyo alionekana akipita ukumbini mara tano, mbio, kati ya ghala na kabati la machimbo. Kila alipopita ghalani alipewa ngao, maana, ukiacha buti la kushoto, ngao ndicho kifaa pekee ambacho daftari halikumkatalia. Alifika langoni na ngao tatu, sululu, buti la kushoto na kofia ya ukindu. Zimwi wa kwanza alimtazama, akacheka, akainua rungu.

Alikuwa na miaka ishirini na minne.

*

Dada yake anaitwa Sihaba. Ni mhunzi mkuu wa mlima. Kofia zote kumi na moja za chuma cha pua zilizomo ghalani alizifua yeye, na ya tisa ndiyo pekee aliyowahi kuisifu kwa mdomo wake. Wazazi walipofariki, yeye ndiye aliyemlea Faki. Alipokwenda ghalani kuuchukua mwili akauzike, alimkuta mtunza ghala, Bwana Ngwali, ameshaandika hati.

Hati ilisema: "Marehemu alipangiwa kofia ya chuma namba tisa, deraya namba nne na buti la kulia namba mbili. Vifaa hivyo havikuonekana mwilini. Chanzo cha kifo: uzembe wa marehemu."

Kwa kanuni iliyotungwa na Waziri wa Mavazi ya Vita, Mheshimiwa Shomvi, askari aliyekufa kwa uzembe hazikwi kwenye Ukumbi wa Mawe, wala jina lake halichongwi ukutani, mpaka vifaa alivyopoteza virudi. Jeneza la Faki lilikuwa limewekwa rafu ya chini na kubandikwa karatasi: LINASUBIRI VIFAA. Kwenye rafu hiyo yalikuwepo majeneza mengine kumi, ya misimu iliyotangulia. Mlima ni baridi, maiti haziharibiki, na Wizara imelitaja hilo katika taarifa yake ya mwaka chini ya kichwa cha Mafanikio.

"Bwana Ngwali," Sihaba alisema, "kofia namba tisa iko wapi?"

"Anayo marehemu."

"Marehemu yuko nyuma yako. Geuka umtazame kichwani."

"Bi Sihaba, pole sana, lakini kazi yangu si kutazama vichwa. Natazama daftari. Daftari linasema anayo."

"Kichwa kimepasuka, Ngwali. Kofia yangu haipasuki. Angekuwa nayo, saa hizi ningekuwa namgombeza kwa kuchelewa kula."

"Basi ndiyo uzembe wenyewe huo, dada yangu. Kapewa, hakuvaa."

"Kapewa na nani?"

"Na daftari."

"Nikifua nyingine nikaileta?"

"Itakuwa na namba yake. Namba tisa ni moja tu." Ngwali si mtu mbaya, alisogeza kigae cha moto karibu na Sihaba, maana ghala lina baridi. "Wewe lete tisa, lete deraya nne, lete buti mbili la kulia. Siku hiyohiyo unamzika."

Sihaba aliisoma ile hati mara mbili, akaikunja, akaiingiza ndani ya aproni yake ya ngozi. Kabla ya hapo, kama watu wote wa mlima, alikuwa akiamini hati za misimu iliyopita. Aliwahi kusema hadharani kwamba vijana wa siku hizi wanafuliwa kofia nzuri kisha wanaziacha ghalani.

*

Wiki iliyofuata Waziri alihutubia taifa katika ukumbi wa chakula.

"Ndugu wananchi! Wizara yangu imeshangazwa. Narudia: imeshangazwa. Tumewapa askari wetu kofia. Tumewapa deraya. Tumewapa buti, la kulia na la kushoto, bila ubaguzi. Sasa, je, Waziri aje awavishe? Aje awafunge vifungo? Awapanguse na pua? Tatizo letu si vifaa, ndugu zangu. Tatizo letu ni utamaduni wa kuvaa!"

Makofi ya hotuba ya waziri ni dakika mbili kwa kanuni. Yalipigwa dakika mbili.

"Kwa hiyo yule wa glavu nne," sauti ilitoka upande wa wachimbaji, "alikosa utamaduni wa suruali?"

"Nani huyo?"

Wachimbaji themanini waliinamia sahani kwa pamoja.

Sihaba alisimama. "Mheshimiwa, mimi sina maswali. Naomba kofia namba tisa nimzike mdogo wangu."

Waziri alimtazama kwa muda. Aliona mwanamke mtulivu, mwenye mikono mipana, asiyelia. Akamnong'oneza katibu wake: "Huyu mpe cheo. Mfiwa akipewa cheo hupoa." Maneno hayo yamo kwenye muhtasari wa siku ile, kwa kuwa katibu huandika kila analosikia na hajawahi kuambiwa aache. Kisha akatangaza kwamba kuanzia dakika hiyo Bi Sihaba ni Mtatuzi Mkuu wa Kasoro za Mavazi, na watu wakapiga makofi ya uteuzi, ambayo ni dakika moja.

"Nashukuru, Mheshimiwa," Sihaba alisema. "Naomba barua tu. Iandikwe kwamba nasimamia kanuni zote za mavazi kama zilivyoandikwa, kwa watu wote, bila kuongeza wala kupunguza."

Waziri alicheka, akatia sahihi palepale juu ya meza ya chakula, kando ya bakuli la supu. "Kanuni nimezitunga mimi, mama. Utanisaidia sana."

*

Kazi ilimchukua siku nne, na siku tatu za kwanza zilikuwa rahisi.

Sihaba alisimama mlangoni mwa ghala, akawaamuru askari wavae mmoja mmoja mbele yake. Kila askari aliposimama njiani, alimuuliza anatafuta nini na nani kamzuia. Hakumkaripia mtu. Waliokuwa wakivua na kuvaa kanzu aliwawekea kabati nje ya mlango: nguo za nyumbani zinabaki humo, mtu anaingia ghalani na nguo ya ndani, anatoka askari. Yule wa glavu nne aligundulika kuwa ameandikwa mara mbili, kwa jina lake na kwa jina lake la utani. Suruali ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mwenye jina la utani, ambaye hakuwa amejitokeza. Wachimbaji waliobaki jeshini walikuwa wawili. Aliwafuta kwenye orodha ya machimbo kwa mistari miwili ya wino. Jina lililofuata kwenye orodha lilikuwa la Faki, nalo bado lilikuwa zima. Mchimbaji Faki alikuwa anatafutwa kwa utoro. Alilifuta pia. Karani aliyekuwepo amenieleza kwamba mstari huo haukutofautiana na ile miwili, ila ulichukua muda mrefu zaidi.

Zilibaki kofia.

Siku ya nne, asubuhi, alikwenda kwa Ngwali. Lazima nieleze kazi ya Ngwali. Zamani ghala lilikuwa na makarani wawili: Karani wa Kupangia, anayeandika kifaa gani ni cha askari gani, na Karani wa Kuzuia, anayeandika kifaa gani kisitolewe. Ili wasile njama, kanuni iliwakataza kusomeana daftari. Baadaye karani mmoja alistaafu na Ngwali akapewa kazi zote mbili. Kanuni haikubadilishwa. Kwa hiyo asubuhi Ngwali hukaa kiti cha kushoto na kupangia, baada ya adhuhuri huhamia kiti cha kulia na kuzuia, na kwa miaka sita sasa Ngwali wa mchana hajui alichoandika Ngwali wa asubuhi. Ni mtu mwaminifu. Anapohama kiti hufumba macho.

"Kofia namba tisa?" Sihaba aliuliza asubuhi.

"Faki, marehemu."

"Namba nane?"

"Askari mwingine. Marehemu vilevile."

Aliuliza zote kumi na moja. Zote zilikuwa za marehemu, na marehemu wote walikuwa kwenye rafu ya chini. Akaenda kula. Baada ya adhuhuri akarudi.

"Habari za mchana, Bi Sihaba! Siku nyingi!" alisema Ngwali wa kiti cha kulia.

"Nzuri. Kofia namba tisa?"

"Imezuiwa."

"Na nani?"

"Na Mheshimiwa Waziri. Anailinganisha."

"Na nini?"

"Na namba nane. Si unajua, Kanuni ya 2: mwenye cheo huchagua kwanza kilicho bora. Ukifua kofia mpya, ikiwa bora kuliko ya nyuma, Mheshimiwa anaizuia. Ila ile ya nyuma haiachii mpaka azijaribu zote mbili kichwani aone ipi inamkaa. Ni haki yake."

"Na amezijaribu?"

"Hajapata nafasi. Ana vikao."

"Kwa hiyo zote kumi na moja ziko hapa."

"Ziko palepale, dada. Zimepakwa mafuta." Ngwali alinyoosha kidole kwenye rafu ya juu, hatua nne kutoka kwenye rafu ya majeneza. "Deraya tisa pia. Na buti za kulia kumi na mbili. Za kushoto hajazigusa, bado hajafika mguu huo."

Sihaba hakupiga kelele. Alimwomba Ngwali amsomee Kanuni ya 4, ambayo Waziri aliitunga mwaka aliotaka kuongoza gwaride. Inasema: "Vazi lililozuiwa ni la aliyelizuia. Ngoma ikilia, aliyezuia atavishwa vyote vilivyo kwa jina lake, na atasimama mbele ya wenye vyeo vidogo." Kanuni hiyo haikuwahi kutumika, kwa kuwa hakuna aliyesoma daftari zote mbili.

Wapo wanaosema kwamba wakati huo Sihaba angeweza kwenda kwa Waziri kumwomba aachie kofia, na mambo yangeisha kistaarabu. Inawezekana. Daftari halionyeshi kwamba alijaribu.

*

Alichofanya ni kurudi kwenye fuawe yake na kufua kofia kumi mbaya. Ilimsumbua kuliko kazi zote za maisha yake. Alitumia chuma chenye madoa, akaziacha kingo bila kusugua, akazipinda kidogo upande mmoja. Zilizuia rungu vizuri, lakini zilifanana na sufuria zilizoanguka kutoka mlimani. Alipozipeleka ghalani, Waziri alipita, akaziona, akakunja uso.

"Hizi nazo ni nini, Bi Sihaba?"

"Kofia za askari, Mheshimiwa. Ungependa kuzilinganisha?"

"Toka hapa! Wape haohao."

Wakapewa haohao. Kila askari wa Kikosi cha Lango sasa alikuwa na kofia ambayo hakuna mkubwa aliyeitaka, na Sihaba aliwazoesha kuvaa mpaka wakawa wanamaliza maji ya ugali yakiwa hayajachemka. Halafu akaagiza mikanda ya ngozi, mipana, yenye vifungo vya shaba, akaitobolea mashimo mwenyewe. Alipoulizwa ya nini, alijibu, "Ya sare." Ilikuwa kweli.

Msimu wa kuvuna ulifika. Mazimwi hawakuchelewa.

Ngoma ilipolia, Waziri alikuwa ukumbi wa chakula akihutubia juu ya mafanikio ya utamaduni mpya wa kuvaa. Askari kumi waliondoka mezani. Sihaba aliingia na wahunzi wanne, wanawake wa rika lake, wakisukuma toroli la mawe lililojaa chuma.

"Mheshimiwa, tunaomba mikono."

"Mikono ya nini? Hamwoni nahutubia?"

"Kanuni ya 4."

"Kanuni ya 4 ni yangu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndiyo maana tumekujia wewe."

Alitafuta walinzi kwa macho. Walinzi walikuwa wameisoma barua yenye sahihi yake, ambayo Sihaba alikuwa ameibandika mlangoni tangu asubuhi, nao ni watu wa sheria. Wahunzi walianza na deraya. Deraya tisa, moja juu ya nyingine, ndogo kwanza. Ya tano ilipoingia, mikono yake ilibaki imenyooka pembeni kama ya mtu anayekumbatia pipa. Kisha zikaja kofia. Namba tisa ilikwenda kichwani. Mbili zilifungwa mabegani, mbili kwenye viwiko, mbili magotini, moja tumboni na moja mgongoni.

"Bado mbili," mhunzi mmoja alisema, akimzunguka. "Nafasi imekwisha, shoga."

"Haijaisha," Sihaba alisema. "Tazama nyuma, chini kidogo."

"Makalioni?" Waziri alipiga ukelele kutoka ndani. "Kofia makalioni? Hiyo ni dharau!"

"Kanuni haitaji kiungo, Mheshimiwa. Inasema avishwe."

Buti moja la kulia lilivalishwa mguuni; kumi na moja zilizobaki zilining'inizwa kiunoni kama vibuyu vya mganga. Mguu wa kushoto uliachwa na ndara, kwa kuwa ulinganishaji ulikuwa haujafika huko. Wakamlaza kwenye toroli, wakamsukuma.

"Jamani, pisheni," yule mchimbaji wa siku ile alisema, safari hii akiwa mbele kabisa. "Utamaduni unapita."

*

Lango la mlima lina upana wa hatua mbili. Mheshimiwa alisimamishwa katikati, mbele ya wenye vyeo vidogo, akalijaza lote isipokuwa nafasi ya mkuki mmoja kila upande. Askari walisimama nyuma yake na kuchomea mikuki humo. Mazimwi walifika, wakakiangalia kitu hiki, wakashauriana. Kisha wakampiga. Walimpiga tangu jua lilipokuwa utosini mpaka lilipotua bondeni. Sauti ilisikika hadi kwenye ofisi ya sabini, na makarani wa huko waliandika kwamba kuna ukarabati. Marungu yalivunjika. Mazimwi walichoka, wakaokota vipande vyao, wakaondoka.

Hakuna askari aliyekufa. Ni mara ya kwanza katika daftari. Mheshimiwa hakupata jeraha, isipokuwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, ambacho zimwi mmoja alikikanyaga. Muhtasari unasema kwamba wakati wote wa vita Waziri "alitoa maneno mazito." Nimemuuliza katibu maneno gani. Alisema hayaandikiki.

"Nivueni," Waziri alisema.

Sihaba alileta fomu. Fomu ya Kuachia Vazi ilitungwa pia na Wizara, ili watu wasiachie vifaa ovyo. Inakubali sababu mbili: aliyezuia amefariki, au vazi ni la mtu mwingine, na mtu huyo atajwe na aliyezuia mwenyewe, bila kusaidiwa, mbele ya karani. Ngwali alikuwa amebeba viti vyake vyote viwili hadi langoni.

"Kofia namba tisa," Sihaba alisoma. "Ni ya nani?"

"Andika ni ya Serikali."

"Serikali haina kichwa, Mheshimiwa. Fomu inataka mtu."

Wananchi walipiga makofi bila kupangiwa muda.

Baraza lilijaribu kuitisha kikao cha dharura kufuta kanuni. Kikao cha Baraza hufunguliwa mwenyekiti anapokaa kitini. Mwenyekiti wa Baraza ni Mheshimiwa Shomvi. Walimletea kiti, wakamletea kigoda, wakamletea gogo. Kwa sababu ya zile kofia mbili za nyuma, kila alipoinamishwa aliteleza na kusimama tena. Wajumbe walitawanyika kwa kukosa mkutano. Siku mbili Mheshimiwa alisimama langoni, akinyweshwa uji kwa mrija wa mwanzi, na pua ikimwasha mahali ambapo hakuna mkono uliofika. Sihaba alikaa mbele yake akishona mkanda uliokatika. Kila baada ya muda aliuliza swali lile, kwa sauti ileile.

Asubuhi ya siku ya tatu, Waziri alisema kitu.

"Sauti, Mheshimiwa. Karani yuko mbali."

"Ni ya Faki."

"Ilikuwa kichwani kwake siku aliyouawa?"

"Haikuwa."

"Ilikuwa wapi?"

"Rafuni. Kwa jina langu."

"Deraya namba nne?"

"Ya Faki."

"Buti la kulia namba mbili?"

"La Faki! La Faki! Umeridhika?"

Ngwali aliandika kwenye daftari la kushoto. Halafu, macho yakiwa wazi, alisogea kiti cha kulia na kuandika kilekile. Akapokea ile hati ya kifo kutoka kwa Sihaba, akapiga mstari juu ya neno uzembe, akabaki na kalamu hewani.

"Chanzo cha kifo niandike nini sasa, dada?"

"Andika kilichotokea. Alipigwa rungu kichwani, na kofia yake ilikuwa kwa Waziri."

Ngwali ana mwandiko mzuri. Aliandika hivyo.

Sihaba alifungua mikanda ya vifaa vitatu: kofia, deraya, buti. Deraya namba nne ilikuwa ya tatu kutoka nje, kwa hiyo zile mbili za juu zilivuliwa, ikatolewa, zikarudishwa. Akavipanga vitatu kwenye toroli, akafuta mikono.

"Umeshapata chako, Bi Sihaba," Waziri alisema. Bila kofia ya kichwani, uso wake ulionekana mdogo na wa kawaida. "Nifungue basi. Tumalize."

"Vyangu ni hivi. Hivyo vingine vina wenyewe."

Akasogea pembeni. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wa nyumba kumi zilizofiwa, iliyokuwa imejipanga bila kuitwa na mtu. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja mnene, na hati yake mkononi.

"Kofia namba nane," Ngwali alisoma. "Mheshimiwa, ni ya nani?"

Waziri alimtazama yule mama. Akamtazama Ngwali. Akamgeukia Sihaba kwa kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Nisaidie jina. Herufi ya kwanza tu."

"Bila kusaidiwa," Sihaba alisema. "Umeandika mwenyewe."

Alikwenda ghalani na wahunzi wenzake, wakalitoa jeneza, na Faki akazikwa siku ileile kwenye Ukumbi wa Mawe. Jina alilichonga Sihaba kwa patasi yake, herufi nne, za kina cha kidole.

Yule mama wa namba nane alikuwa amekuja na kigoda. Alikiweka chini, akakaa, akakunja mikono.

"Usihangaike, Mheshimiwa," alimwambia. "Kumbuka taratibu. Mimi nimengoja misimu sita."

Hadi ninapoandika haya, Mheshimiwa ameshajaribu majina arobaini. Ngwali ameyaandika yote. La mwana wa yule mama halimo.